Vifurushi vya karatasi, zawadi ndogo ambazo hazimwachii mtu deni

Niseme kabisa mwanzoni maana ndo kinachonifanya niandike: zawadi kubwa zinawapa watu presha. Huku kwetu Moshi mwezi wa kumi na mbili unajulikana, mabasi ya kutoka Dar yanajaa mpaka watu wanakosa siti, magari yanapanda Marangu, Rombo, Machame, Kibosho, watu wamerudi "kuhesabiwa" kama utani unavyosema, na kila anayerudi anarudi na kitu. Mafuta ya kupikia, sukari, blanketi la bibi, kitenge cha mama, simu ya mdogo mtu. Ni vizuri, wala sisemi watu waache. Ila nimeangalia kwa miaka mingi jinsi mtu anavyopokea blanketi. Anashukuru, anafurahi kweli kweli, af kidogo tu unaona macho yanaanza kuzunguka atakurudishia nini, na hapo ndo jogoo wa watu anakamatwa, jogoo ambaye alikuwa anasubiri Januari auzwe zinunuliwe daftari za wajukuu.

Sasa kifurushi cha karatasi chenye karanga ngumi moja hakina hayo mambo. Unampa mtu, anacheka, anafungua palepale, anatafuna, anampa na mtoto aliyesimama pembeni, imeisha. Hakuna anayekamata kuku kwa sababu ya karanga ngumi moja. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi, na mimi nakubaliana nao, lakini hawakusema mkono ujazwe mpaka mwenzako ashindwe kuupokea.

Na kuna watu wengi sana kwenye maisha yetu ambao blanketi haliwahusu kabisa. Konda wa daladala unayopanda kila asubuhi, yule anayepiga bodi gari isimame akikuona unakimbia na mkoba. Mangi wa duka la pale kona anayekuandika kwenye daftari tarehe zikiwa mbaya. Mama anayekuchagulia ndizi sokoni na anajua nyumbani kwako mnapenda mshare sio malindi. Mlinzi wa usiku, dada wa saluni, fundi viatu, mwalimu wa Sunday school wa watoto, kijana anayeleta maji. Hawa ndo watu tunaoishi nao mwaka mzima, halafu Krismasi ikifika tunawapita tunakimbilia ndugu. Mimi vifurushi naanza na hao, ndugu wanafuata.

Karatasi kwanza. Watu wakisikia zawadi wanakimbilia steshenari kununua zile karatasi za kung'aa zenye maua, na zile kwa kifurushi kidogo hazifai, ni laini mno, zinachanika kwenye kona na mkunjo haukai. Karatasi bora kuliko zote ni kalenda ya zamani. Waliosoma shule za msingi hapa Tanzania wanaijua hadhi ya kalenda, Januari ilikuwa inashuka ukutani inaenda kufunika daftari la hisabati, na mwenye kalenda nzito ndo daftari lake linafika Novemba likiwa na kona zake. Sasa zile kalenda kubwa za ukutani, za dayosisi, za benki, za duka la vifaa vya ujenzi, mwezi wa kumi na mbili zinakaribia kuisha kazi, na karibu kila nyumba ina moja mpaka mbili. Omba. Hakuna atakayekunyima kalenda ya mwaka unaoisha, na miezi iliyopita tayari wanaweza kukuchania hata leo. Upande wa picha unaweza kukaa nje ukapata kipande cha mlima au cha twiga, ila mimi napenda upande mweupe ukae nje ili niandike jina la mtu kwa maka pen. Ukifanya hivyo picha inakuwa ndani na chakula hakitakiwi kugusa wino, kwa hiyo unaweka kwanza karatasi ya kuokea, ile ya kuwekea keki, hata kipande kidogo tu.

Kama huna kalenda, karatasi ya kaki inatosha sana. A4 ya kawaida ya fotokopi nayo sawa, manila kwa vile vikubwa. Gazeti hapana, nitaeleza mbele. Na mifuko ya saruji, naomba sana, hata ukiikung'uta na kuigeuza, hapana, ile vumbi haiishi.

Kuna kitu ambacho wengi hawakijui na kinaokoa kazi nzima: karatasi ina mwelekeo. Nyuzi zake zimelala upande mmoja, ukikunja kufuata nyuzi mkunjo unatoka umenyooka na safi, ukikunja kukatisha nyuzi manila inapasuka juu inatoa yale manyoya meupe. Kujua ni rahisi, ipinde taratibu bila kuikunja, upande huu af upande ule, ule unaokubali bila ubishi ndo wenye nyuzi. Au chana kipande cha pembeni, ikichanika imenyooka umefuata nyuzi, ikienda hovyo umekatisha. Kwa manila, kabla hujakunja, weka rula na upitishe bic iliyoisha wino kwenye mstari, ibonyee tu, halafu ndo ukunje. Af mkunjo wowote upige kwa mgongo wa kijiko. Kidole hakitoshi, kijiko kinaufanya ulale kabisa.

Mkunjo wangu wa kila siku hautaki gundi, hautaki stepla, hautaki chochote. Chukua A4, kamata kona moja ya juu uilaze mpaka ukingo wa juu ulale juu ya ukingo wa pembeni, chini kitabaki kipande chembamba cha kama sentimita 8.7, kata hicho ukiweke pembeni usitupe. Ukifungua una mraba wa sentimita 21 kwa 21 wenye mkunjo wa mshazari tayari. Na hapa kuna kitu kinanifurahisha kila mara: huo mshazari una sentimita 29.7, ambao ndo urefu wa A4 yenyewe, maana vipimo vya A4 vimepangwa hivyo, upande mrefu ni sawa na mshazari wa mraba wa upande mfupi. Kwa hiyo kupima kama nimekata sawa sihitaji rula, nalaza ukingo mrefu wa A4 nyingine juu ya mshazari, ncha zikikutana mraba ni mraba.

Sasa kunja kwenye mshazari upate pembetatu, upande mrefu ukae chini kwako. Ncha ya kulia ipeleke iguse ukingo wa kushoto, na ukingo wa juu wa hicho ulichokunja uwe sambamba na upande wa chini. Ncha ya kushoto nayo ipeleke kulia ipite juu ya ya kwanza. Hapo juu zimebaki ncha mbili zimelaliana, moja ya mbele na moja ya nyuma. Ya mbele ichomeke kwenye kile kimfuko kilichojitengeneza hapo mbele, na mdomo wa kifurushi umeshafunguka. Mimina karanga, usijaze mpaka juu, af ncha ya nyuma ilete mbele uichomeke kwenye kimfuko kile kile. Kwisha. Hakifunguki hata ukikitupia kwenye kapu. Wajapani mkunjo huu wanawafundisha watoto kama kikombe cha kunywea maji, na kweli ukiishia hatua ya kabla ya kufunga una kikombe. Kile kipande cha 8.7 ulichobakiza ndo unakata lebo, au unakizungusha kama mkanda unaandika jina.

Wa pili ni wa sambusa. Kata A4 katikati upate vipande viwili, kila kimoja 21 kwa 14.8, zungusha kimoja kiwe bomba, gundi ukingo, funga chini kikiwa kimelala bapa, weka vitu, halafu juu funga kwa kukatisha, yani kama chini umefunga kushoto kulia juu unafunga mbele nyuma. Kinatoka na pembe nne kila upande pembetatu. Ni umbo lile lile ambalo kampuni ya Tetra Pak ya Uswidi, iliyoanzishwa mwaka 1951, ilianza nalo kufungashia krimu na maziwa, na ukikitengeneza mwenyewe unaelewa kwa nini, kinakula karatasi kidogo, kinasimama chenyewe na hakibonyei kirahisi. Gundi napika mwenyewe, unga wa ngano kijiko kimoja, maji baridi kidogo ukoroge mabonge yaishe, ongeza maji, moto mdogo huku unakoroga mpaka iwe nzito na ianze kung'aa. Inashika karatasi vizuri kuliko gundi nyingi za dukani na mtoto akilamba hakuna shida. Usiiweke siku nyingi tu, inachacha, na mende wanaipenda.

Vya watoto siweki pini ya stepla, narudia, siweki. Mtoto anafungua kifurushi kwa meno.

Kamba ya kufungia usinunue ribeni kama unaishi huku. Magamba makavu ya mgomba yapo kila kihamba (shamba la kuzunguka nyumba), yale tunayofungia mizigo ya majani ya ng'ombe, unachana nyuzi nyembamba unaloweka kwenye maji kidogo, usipoloweka zinakatika ukivuta fundo. Ukifunga ikiwa na unyevu, ikikauka inakaza yenyewe. Rangi yake ile ya kahawia inayong'aa kwenye karatasi ya kaki ni nzuri kuliko ribeni yoyote niliyowahi kuona dukani, hili nalisema kwa moyo wote. Katani nayo inafaa, ila ni ngumu kwa kifurushi kidogo. Sharti moja tu, subiri kamba ikauke ndo kifurushi kipate kitu ndani, au weka fundo mbali na chakula, maana unyevu na karatasi haviivani.

Na unyevu ndo adui mkubwa. Karanga zikitoka kwenye sufuria zina joto la ndani, ukizifunga hapo hapo zinatoa mvuke, karatasi inalegea na karanga inakuwa kama imelala nje. Zimwage kwenye sinia ziache mpaka ukishika katikati ya rundo husikii joto kabisa. Kabla ya kukaanga zichambue moja moja, iliyosinyaa, yenye weusi au ukungu itoe, maana sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiishi kwa kukaanga, watu wanafikiri moto unamaliza kila kitu, hii haumalizi. Na ulizia kwanza kama kuna mtu karanga zinamdhuru, na kwa wale wadogo chini ya miaka mitano usiwape karanga nzima, zinapalia. Hao nawawekea visheti vidogo au bisi.

Kashata zinafaa sana ila kila kipande kivae karatasi ya kuokea kwanza, sukari yake inaganda kwenye kaki unaishia kula karatasi. Ubuyu ule mwekundu ni mtihani, rangi inatoka, kwa hiyo bitana ya ndani ni lazima, na usiweke karibu na kitu kingine chochote kwenye kapu. Ndizi za kukaanga zina mafuta, zinatoboa karatasi kwa doa ndani ya saa chache, hizo napeleka siku ile ile au siweki. Kwa watu wazima napenda kuweka kahawa. Wengi tumekulia kwenye mashamba ya kahawa halafu nyumbani tunakunywa chai! Buni ya nyumbani imekaangwa kwenye chungu, ikapoa, ukaiweka kwenye kifurushi cha kaki, harufu inapita kwenye karatasi, mtu anajua ni nini kabla hajafungua, na ukiingia nayo kwenye daladala abiria wote wanageuka.

Turudi kwenye gazeti. Wote tumekula karanga za kwenye kikoni cha gazeti, yule kaka wa stendi anakisokota kwa mkono mmoja huku anarudisha chenji kwa mwingine, ncha anaipinda chini, imeisha. Ule ufundi nauheshimu sana na sitaki upotee. Shida ni wino tu, unahamia kwenye chakula hasa chakula chenye mafuta au cha moto, angalia vidole vyako ukimaliza kula. Kikoni kile kile ukikisokota kwa kaki safi au kwa karatasi ya daftari ambayo haijaandikwa ni kifurushi cha heshima kabisa. Na tangu Juni mosi 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku, marambo yakaondoka, kaki zikarudi madukani kwa wingi, kwa hiyo karatasi safi sio kitu cha kutafuta tena. Zamani hata zawadi ilikuwa inakuja kwenye rambo, unampa mtu kitu kizuri kimefungwa fundo la rambo, halafu lile rambo wiki ijayo linaonekana kwenye mfereji.

Mwaka jana nilipeleka vifurushi soko la Mbuyuni, kwa yule mama ninayenunua kwake ndizi. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, leo unataka mkungu mzima au nikukatie, nikamwambia leo sinunui, nimekuletea hiki. Akakigeuza. Akatafuta pa kufungulia hakupaona, maana ncha imechomekwa, akakigeuza tena, akacheka akamwita jirani yake wa nyanya, njoo uone karatasi haina gundi haina nini. Wakakifungua pamoja kwa taratibu sana kama wanafungua bahasha ya matokeo. Karanga wakagawana. Mimi nilitegemea ile sentensi ya sasa mimi nitakupa nini, haikuja. Badala yake akaniuliza karatasi umeikunjaje hapa mwisho. Nikachuchumaa pale nikamwonyesha kwa karatasi iliyokuwa imefungia sabuni yake, mkunjo wa kwanza, wa pili, akanishika mkono kwenye wa tatu akasema subiri, wacha nifanye mwenyewe. Akapatia. Nilipopita tena kabla ya mwaka mpya alikuwa anawawekea watoto wa wateja wake ndizi mbivu mbili mbili ndogo, zile kisukari, kwenye vikoni vya kaki.

Ndo maana nasema zawadi ndogo inatembea. Blanketi linakaa kwa bibi, ni zuri, linampa joto, lakini halitoki pale. Mkunjo wa karatasi unajifunza ukiwa umesimama sokoni na kesho umeshampa mtu wa tatu ambaye hata hukumjua.

Wengine wananiambia mbona ni kazi sana, si ununue tu biskuti ugawe. Ni kazi ndio. Jioni moja meza imejaa, watoto wa kaka wamekuja kusaidia, mmoja anakata, mmoja anapiga mikunjo kwa kijiko, mmoja anakula mtaji. Ila katika ile kazi unamfikiria mtu. Huwezi kuandika jina la mlinzi kwenye lebo bila kujiuliza jina lake la pili ni nani, ana watoto wangapi, anapenda chumvi au sukari. Kuna mwaka nilikuja kugundua simjui jina yule kijana wa maji, amekuja kwetu muda mrefu tunamwita tu "maji", nikaenda kumuuliza kwa sababu ya lebo. Biskuti ya dukani isingenipeleka kumuuliza.

Kwa wenye watoto wa kanisani au mnaopamba mti, jaribuni pia mioyo ya Denmark, vipande viwili vya karatasi za rangi tofauti vinachanwa mistari na kusukwa vikapishana mpaka vinakuwa kikapu chenye umbo la moyo, kinaning'inizwa kwenye mti na pipi ndani. Wa zamani zaidi unaojulikana aliutengeneza Hans Christian Andersen, yule mwandishi wa hadithi za watoto, mwaka 1860. Anayejua kusuka mkeka hatapata shida yoyote, mabinti wa ukoo wetu waliushika haraka kuliko mimi. Na Waislamu wenzetu wa Njoro na Majengo wanaogawa tende na visheti vya Idi, ule mkunjo wa kikombe unabeba tende tano vizuri sana, bitana tu ndani.

Mimi sasa hivi akili yangu iko Januari. Wajerumani wana utaratibu wa zaidi ya miaka mia mbili, ulianzia kule Saksonia na Thuringia, mtoto siku yake ya kwanza shule anapewa koni kubwa ya karatasi imejaa pipi na vifaa, wanaiita Schultüte. Ni kile kikoni cha yule kaka wa stendi, tofauti ni ukubwa tu. Huku kwetu mtoto wa darasa la kwanza anapewa sare, daftari na maonyo, full stop. Watoto wawili wa kaka wanaanza Januari hii na nimeamua wapate koni zao: manila moja moja, imefuatwa nyuzi ndo ikasokotwa, gundi ya ngano, mdomo umefungwa kwa kamba ya mgomba. Ndani penseli, kichongeo, ufutio, kashata zilizovaa karatasi, na kikoni kidogo cha ziada chenye visheti ambacho sio chake, ni cha yule atakayekaa naye dawati moja, nimewaambia wampe wao wenyewe. Mkubwa ameuliza kama wakikaa watatu dawati moja inakuwaje. Nimeongeza viwili.